Asali, Shashi na Kiatu: Kuuguza Kidonda cha Mguu wa Mwenye Kisukari

(Maneno yaliyosemwa Ipole na kamati ya afya ya hekalu, mbele ya wanachama na majirani)



Tumeombwa tuseme juu ya vidonda vya miguu vya wenye kisukari, na hasa juu ya kile kinachowekwa juu ya kidonda kabla ya kukifunga. Swali lenyewe limetoka kwenu. Majirani zetu wa hapa wametuuliza kama asali ya misitu hii, inayosifiwa hadi ng'ambo, haitoshi kuponya donda la mguu. Wanachama wenzetu wameuliza jambo lilelile kwa mlango mwingine: wametaja samli na manjano, ambazo bibi zetu walikuja nazo kutoka Gujarat. Tutalijibu swali hilo bila kulizunguka, ila jibu lake linaanzia mbali kidogo, na tunaomba mtuvumilie.

Nchi hii ya Unyanyembe iliifahamu miguu yenye vidonda kabla ya kuwa na barabara. Misafara ya Tabora na Ujiji ilikwenda kwa miguu ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani, na mpagazi aliyepata donda mguuni alikuwa amepoteza riziki yake. Hata mgeni mashuhuri wa njia ile, David Livingstone, alifungiwa na vidonda vya miguu mwaka 1870 huko Bambarre, katika nchi ya Manyema ambayo leo ni mashariki mwa Kongo. Alikaa pale majuma mengi asiweze kutembea. Ni baadaye tu aliporudi Ujiji, kisha akakaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872. Hatumtaji kwa sababu ya kisukari. Tunamtaja kwa sababu aliandika mambo mawili katika shajara yake. La kwanza, alipaka unga wa jiwe la kijani la shaba, uliosagwa kwa maji juu ya jiwe na kupakwa kwa unyoya, akaona unamfaa kuliko dawa nyingine. La pili, kila alipoweka mguu chini, kidonda kilitoa majimaji yenye damu.

Watu wengi wakisikia habari hiyo hukimbilia lile jiwe la kijani. Sisi tunawaomba mlishike lile la pili.

Livingstone alikuwa na bahati moja ambayo mwenye kisukari wa siku nyingi huikosa: aliumia. Maumivu yalimlazimisha kulala. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na mishipa inayoharibika mapema ni ile mirefu, inayofika kwenye vidole vya miguu. Mguu huanza kwa kuwasha au kuchomachoma usiku, kisha hufa ganzi. Mtu husema, "Siku hizi miguu hainisumbui," akashukuru, kumbe ndipo hatari ilipoingia. Ngozi hukauka na kupasuka kwa sababu jasho limekoma. Vidole hujikunja, uzito wa mwili ukaangukia mahali padogo chini ya wayo, sugu ikaota hapo, na chini ya sugu nyama ikapondeka pole pole bila mwenyewe kujua. Mishipa ya damu nayo huwa myembamba, hasa kwa mvutaji wa tumbaku; nasi tunaoishi katika mkoa unaolima tumbaku hatuna haja ya kuelezwa inapatikana wapi. Mguu usiofikiwa na damu ya kutosha haufikiwi na dawa, wala na chakula cha kujengea nyama mpya.

Madaktari wanakadiria kwamba kati ya kila watu 100 wenye kisukari, 19 hadi 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani maishani mwao. Na kidonda kikishapona, wagonjwa 40 katika kila 100 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Hilo ndilo donda ndugu la zama zetu.

Hili si jambo jipya kwa wahenga. Katika vitabu vya tiba vya India ya kale, kisukari kiliitwa madhumeha, yaani mkojo wa asali. Ndiyo, ndugu zetu warina asali: ugonjwa huu umebeba jina la zao lenu tangu zama hizo. Kitabu cha tabibu Sushruta kinaeleza njia 60 za kutibu vidonda na namna 14 za kufunga bandeji, na asali pamoja na samli zimo katika dawa zake. Kwa hiyo anayesema kwamba asali juu ya kidonda ni dawa ya mababu hasemi uongo. Lakini kitabu hichohicho kinaonya kwamba wapo wagonjwa ambao vidonda vyao hupona kwa shida, na kati yao kinawataja wenye ukoma na wenye madhumeha. Tabibu yule, aliyekuwa na asali mkononi na namna 14 za bandeji, alikuwa ameshaona kwamba kwa watu hawa kupaka na kufunga peke yake hakutoshi.

Kwa nini ukoma na kisukari vikawekwa safu moja? Jibu kamili lilichelewa. Daktari Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, alianza kufanya kazi Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, akiwatibu wagonjwa wa ukoma. Wakati ule wengi waliamini kwamba nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe. Brand aliona vingine. Vidonda vilitokea mahali mguu ulipokanyagia, kwa sababu mgonjwa hakusikia maumivu ya kumwambia apumzike. Mguu wenye kidonda ulipofungwa hogo, ile plasta ngumu wanayofungwa waliovunjika mfupa, uzito ulitawanyika kwenye wayo wote na mguu mzima, na kidonda kikajifunga, hata bila dawa ya ajabu juu yake. Baadaye alihamia Marekani, na ujuzi ule ukapelekwa kwa wenye kisukari. Hadi leo hogo la namna hiyo ni miongoni mwa tiba zinazoaminika zaidi kwa kidonda cha chini ya wayo ambacho hakina uambukizo mkali na bado kinafikiwa na damu. Wazee wa upande huu wanaokumbuka makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Wamoravian pale Sikonge watatuelewa upesi kuliko vijana. Wao waliona kwa macho yao jinsi mguu usio na maumivu unavyopotea.

Turuhusuni tueleze habari ya mzee mmoja, jina tumeliacha kwa heshima yake. Alikuwa mrina asali, mwenye kisukari cha miaka mingi, na kidonda chini ya kidole gumba. Alikiuguza kwa uangalifu ambao wengi wetu hatuna. Kila jioni alikiosha, akapaka asali yake mwenyewe, akafunga kitambaa safi. Kidonda kilikuwa chekundu, kisafi, hakina harufu. Na hakikufunga. Miezi ikapita. Tulipomwona tulifungua bandeji, tukasifu usafi wake, tukakitazama kidonda kwa muda mrefu, tusione kosa. Kisha muuguzi mmoja akaokota katambuga yake mlangoni na kupitisha kidole ndani. Msumari mmoja wa ukanda ulikuwa umechomoza juu ya tairi, pale pale kinapokaa kidole gumba. Alikuwa akitembea juu ya msumari ule kwenda mizingani na kurudi, naye hakuwa na habari. Msumari uling'olewa, akapewa kiatu chenye soli nene iliyokatwa tundu chini ya kidonda, na wanawe wakakubali kurina wao msimu ule. Asali aliiacha, akafungwa shashi kavu ya kawaida. Kidonda kilifunga katika juma la 9.

Sasa tuje kwenye kufunga kidonda chenyewe, maana wapo watakaodhani tunakidharau. Hatukidharau hata kidogo.

Kazi ya kitambaa juu ya kidonda ni kukilinda na uchafu na nzi, kunyonya majimaji yanayozidi, na kukiacha na unyevu wa kadiri. Wazee wetu walipenda kukianika kidonda kwenye jua kipate gaga. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa kutumia nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi kwa kasi karibu mara mbili ya kilichoachwa wazi kikauke. Kuanzia hapo viwanda vimetengeneza vitambaa vya kila namna: vya povu, vya mwani wa baharini, vya majimaji mazito kama uji, vyenye fedha ndani yake. Bei zake humtisha mkulima. Habari njema ni kwamba, kwa kidonda cha kisukari, jopo la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari linashauri kitambaa kichaguliwe kwa kutazama wingi wa majimaji, nafuu ya mgonjwa na bei. Shashi safi ya duka la dawa haijashindwa na vile vya fedha. Kipo kimoja kilichofanya vizuri katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, kwa wagonjwa 240 wa Ulaya ambao damu ilifika mguuni kwa upungufu: baada ya majuma 20, vidonda vilifunga kwa asilimia 48 ya waliovaa kitambaa hicho, na asilimia 30 ya waliovaa cha kawaida. Ajabu ni kwamba dawa iliyomo imetengenezwa kutokana na sukari. Lakini tazameni hesabu ile vizuri: hata kwa kitambaa bora, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa bado na kidonda.

Na asali? Asali si maji matamu tu. Ina maji machache, hivyo huwanyima bakteria unyevu, ina uchachu, na nyuki huitia kimeng'enya ambacho, asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda, hutoa haidrojeni peroksidi kidogo kidogo. Kwa majeraha ya moto yasiyo na kina, uchambuzi mpana wa tafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asali huponya siku kadhaa mapema kuliko vitambaa vya kawaida. Kwa vidonda vya miguu ya kisukari ushahidi ni dhaifu, na mwongozo wa jopo lile wa mwaka 2023 unasema wazi kwamba asali na mazao mengine ya nyuki visitumike kwa kusudi la kuharakisha kupona kwa vidonda hivyo. Isitoshe, asali inayotumiwa hospitalini hupitishwa kwenye miale ya gama kuua mbegu za bakteria zinazoweza kulala ndani yake. Asali ya mzinga wa gome, hata ikiwa safi kiasi gani kwa kula, haikupita huko.

Tunasema haya tukiwa Ipole, kijiji kilichozungukwa na miyombo na mininga, katika mkoa wenye chuo cha ufugaji nyuki, na tunajua yanaweza kuuma. Kwa hiyo tuseme na upande wa pili. Hatuogopi kwamba asali itamwua mgonjwa. Tunaogopa siku anazozipoteza akiisubiri. Ushauri wetu kwa mrina asali mwenye kidonda ni huu: iuze asali, ununue shashi, soksi nyeupe na kiatu cha upana wa mguu wako. Ndivyo asali ya Ipole itakavyokuponya. Manjano na samli tunaviweka kapu hilohilo. Mahali pake ni jikoni. Na majivu, ugoro, mafuta ya breki, au unga wa kapsuli ya rangi mbili iliyopasuliwa juu ya kidonda, hivyo havina hata kapu.

Anayeuguzwa nyumbani, baada ya kuonwa na mtabibu, aoshwe hivi. Mwuguzaji anawe mikono kwa sabuni. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, au maji yaliyochemshwa yakapoa. Spiriti na peroksidi ya chupa havifai, vinaunguza nyama changa. Mguu usilowekwe kwenye beseni, hasa la maji ya moto, kwa kuwa mguu wenye ganzi huungua bila kupiga kelele. Kikaushwe pembeni na katikati ya vidole, kiwekwe shashi, bandeji ifungwe bila kukaza. Kama shashi imekwisha, kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa, kikachemshwa na kupigwa pasi kinafaa kwa siku chache. Sugu na nyama iliyokufa ziondolewe na mtaalamu, kamwe si kwa wembe wa nyumbani. Usiku mguu ufunikwe na alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Madaktari wa Dar es Salaam waliwahi kuandika, mwaka 2005, juu ya wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini, wakaamka asubuhi na kukuta damu kwenye shuka.

Hapa tunapenda kukumbusha jambo la kutia fahari kwetu wa asili mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipoanzishwa mradi wa hatua kwa hatua wa kuwafundisha madaktari na wauguzi utunzaji wa mguu wa kisukari katika nchi zenye uwezo mdogo, India na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza. Kwa upande wa huku aliongoza Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, na kwa upande wa India Daktari Sharad Pendsey wa Nagpur. Walifundishwa wawili wawili, daktari na muuguzi pamoja, kwa sababu daktari akihamishwa muuguzi bado anajua la kufanya.

Sasa tuna ombi kwa wadhamini wetu, nalo tunalitoa hadharani kwa heshima. Ada ya kuvua viatu mlangoni mwa hekalu ni njema na hatuombi ifutwe. Ila sakafu ya ua wetu, saa saba mchana mwezi wa Oktoba, inaunguza. Anayezunguka patakatifu mara nyingi kwa miguu yenye ganzi huweza kurudi nyumbani na malengelenge ambayo hakuyasikia, na tuliowaona hivyo ni wazee waliokuja kusali. Tunaomba mikeka itandazwe njia yote ya kuzungukia, na mlangoni viwekwe viatu vya kitambaa vyenye soli laini, visivyotoka nje ya hekalu, kwa ajili ya wenye kisukari. Najua, baadhi yenu mtasema ni kiatu bado. Maharaji wetu yuko hapa na wadhamini wako hapa. Uamuzi ni wao, nasi tunausubiri. Majirani zetu Waislamu mnaotusikiliza, mnaovua viatu msikitini, mnaweza kulipeleka jambo hili kwenu pia.

Zipo hali ambazo hazisubiri shashi wala kikao. Wekundu unaoenea zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda, uvimbe, harufu mbaya, usaha, kidole kilichogeuka cheusi, homa, au sukari inayopanda ghafla bila sababu: mgonjwa aondoke siku hiyohiyo, kwenda Sikonge au Kitete mjini Tabora. Wa Ipole mko kwenye njia panda ya magari ya Mpanda na ya Rungwa. Simamisheni lolote linaloelekea kaskazini. Asitembee kwenda stendi. Abebwe kwa baiskeli au pikipiki, mguu ukiwa umeinuliwa.

Kabla ya chakula tutafanya kipimo kimoja kisichohitaji chombo. Kilibuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, na mtoto wa shule anaweza kukifanya. Kaeni wawili wawili, mvue viatu na soksi. Anayepimwa afumbe macho. Mwenzake aguse kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi kama anayegusa unyoya, kwa sekunde moja au mbili, asibonyeze wala asipapase: kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidogo cha mwisho, kisha gumba cha kushoto, kidogo cha kushoto, halafu cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Anayepimwa aseme "kulia" au "kushoto" kila anaposikia. Asiyesikia viwili au zaidi kati ya sita aje meza ile ya chini ya mwembe, walipo wauguzi, na aje na viatu vyake mkononi, tuvipitishe kidole ndani.